Dk. Williamson wa Mwadui: Aliyeacha Sheria Akafuata Mawe



 Kila mwaka katika ukurasa huu huwa tunasimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwishatangulia, ili tupate mazingatio. Mara nyingi huwa ni mmoja wa masahaba au wanazuoni wetu. Mwaka huu tumeona tusimulie habari za mtu ambaye hakuwa Muislamu wala hakuzaliwa Afrika, lakini alama ya kazi yake iko hapa hapa kwetu. Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza hufiki mbali kabla hujasikia jina la Mwadui. Wengi wenu mnaijua Mwadui kwa timu yake ya mpira iliyowahi kucheza Ligi Kuu. Wazee wanaijua kwa almasi. Mtu aliyeianzisha aliitwa John Thoburn Williamson.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, madrasa yetu hujaa furaha kwa wiki moja, kisha huanza kujaa huzuni. Kijana aliyefaulu vizuri tu hujaza maombi ya chuo kimoja au viwili vyenye majina makubwa, na kozi ile ambayo kila mtu anaisifia. Akikosa, hukaa nyumbani. Miezi miwili ikipita unasikia yuko Nyarugusu au Rwamgasa, ameingia duarani na wenzake anatafuta dhahabu. Hatuwadharau wachimbaji wadogo, wengi wao ndio wanaolipa ada zenu. Lakini kijana huyu hakwenda duarani kwa kuwa alipenda kuchimba. Alikwenda kwa sababu orodha yake ya vyuo ilikuwa ya majina, haikuwa orodha inayomfaa. Maisha ya Dk. Williamson yana la kutufundisha katika jambo hili.

UTOTO NA CHUO

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Ni nchi ya baridi kali, misitu na maziwa. Kwa mtu aliyekulia huko, Usukuma na jua lake, mibuyu yake na vumbi lake la kiangazi, ulikuwa kama dunia nyingine kabisa.

Alipomaliza shule alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill katika mji wa Montreal. Tuseme ukweli, McGill kilikuwa na bado ni chuo chenye jina. Kwa hiyo msije mkatuelewa vibaya mkadhani tunasema vyuo vikubwa ni vibaya. La hasha. Jambo la kuzingatia ni alichokwenda kukisoma na namna alivyokibadilisha.

Nia yake ya kwanza ilikuwa ni kusoma sheria. Kila mmoja wetu anaelewa kwa nini kijana wa kijijini angetaka kuwa wakili. Wakili huvaa vizuri, huheshimiwa, na mzazi akiulizwa mwanawe anasoma nini hujibu kwa sauti ya juu. Hata hapa kwetu ukiwauliza watoto kumi wanataka kuwa nani, sita au saba watataja udaktari, uanasheria au urubani, na ukiwauliza kwa nini, wengi watakosa jibu.

Kisha likatokea jambo dogo lililogeuza maisha yake. Wakati wa likizo ya kiangazi alikwenda Labrador, eneo la mashariki ya Kanada lenye miamba na upepo wa baridi, katika kazi ya jiolojia ya nje ya darasa. Jiolojia ni elimu ya ardhi: namna miamba ilivyoumbika, ilivyopinda na kupasuka, na madini yanavyojificha ndani yake. Kazi hiyo haina suti wala ofisi. Mtu hulala kwenye hema, hutembea siku nzima akibeba nyundo na mfuko wa mawe, na jioni huandika alichokiona. Wenzake wengi wangerudi mjini wakilalamika kuhusu mbu na miguu kuuma. Williamson alirudi akiwa ameipenda kazi ile.

Aliporudi chuoni aliacha mpango wa sheria akageukia jiolojia. Hakuhama chuo, alihama fani. Akapata shahada ya kwanza mwaka 1928, shahada ya uzamili mwaka 1930, na shahada ya uzamivu mwaka 1933. Ndiyo maana wazee wetu walimwita Dokta Williamson, na wengine wakadhani alikuwa daktari wa hospitali.

Hebu tuitazame miaka hiyo kwa makini. Kati ya shahada ya kwanza na ya tatu, dunia iliingia katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Makampuni yalifunga milango na watu wenye elimu walikosa kazi. Kijana anayesoma fani kwa ajili ya sifa tu angekata tamaa hapo. Aliyeipenda elimu yenyewe aliendelea, kwa sababu alichokuwa akikitafuta alikuwa anakipata kila siku mezani na porini.

KUJA AFRIKA

Baada ya masomo alikuja Afrika kufanya kazi ya utafiti wa madini katika kampuni iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Baadaye akahamia Tanganyika, katika kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi na dhahabu. Akapelekwa Mabuki, kusini ya Mwanza, mahali ambapo wengi wenu mmepita mkiwa ndani ya basi bila hata kugeuza shingo.

Mabuki palikuwa na mgodi mdogo wa almasi. Ulikuwa mgodi wa kukatisha tamaa, almasi zake chache, gharama kubwa. Mwaka 1938 kampuni ilipotaka kuachana nao, mfanyakazi mwenye busara ya kawaida angefungasha mizigo na kutafuta kazi kwenye kampuni kubwa ya Afrika Kusini, ambako ndiko lilikokuwa jina lote la almasi duniani. Williamson alifanya kinyume. Aliuchukua ule mgodi hafifu uwe wake, ili kidogo anachokipata kimsaidie kuendelea kutafuta.

Kwa nini? Si kwa ukaidi. Alikuwa na hoja ya kielimu. Almasi huletwa juu kutoka chini sana ya ardhi na mwamba unaoitwa kimberlaiti, ambao hupanda kupitia ufa na kutengeneza kitu mfano wa bomba lililosimama wima. Mvua na mito ya miaka mingi huumomonyoa mwamba huo na kuzitawanya almasi mbali. Pamoja na almasi husafiri madini mengine mazito, kama garneti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Haya ni mengi kuliko almasi zenyewe, kwa hiyo mtafiti huyafuata kama mchungaji anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Yakizidi kuwa mengi, anajua anakaribia. Williamson aliamini kwamba mahali fulani katika tambarare za Usukuma liko bomba kubwa zaidi ambalo hakuna aliyeliona.

Basi akazunguka. Alichukua sampuli za kokoto, akaziosha, akaangalia kilichobaki, akaandika, akasogea mbele. Hakuzunguka peke yake. Vijana wa hapa ndio waliochimba, kubeba na kuchekecha, ingawa majina yao hayakuandikwa vitabuni kama lake. Fedha zilikuwa zikimwishia. Malaria ilimsumbua. Aliyemsaidia ni wakili mmoja wa Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, aliyemkopesha fedha na kumshughulikia mambo ya sheria, naye baadaye akawa mshirika katika kampuni. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu anavyopanga. Williamson aliiacha sheria, lakini siku alipohitaji wakili, alimpata mtu aliyeifaa kazi hiyo kuliko yeye. Kila mmoja alikuwa mahali pake.

MWADUI

Mwezi Machi mwaka 1940 alifika Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Wapo wanaosimulia habari za mbuyu, wapo wanaosimulia habari za gari kukwama kwenye tope. Hadithi ni nyingi, kila mzee ana yake. Lililo hakika ni kwamba hapo ndipo alipolipata bomba alilokuwa akilitafuta.

Eneo la kimberlaiti ya Mwadui ni takribani hekta 146. Wanafunzi wa hesabu wanaweza kukadiria kwamba hiyo ni zaidi ya viwanja 200 vya mpira wa miguu vikipangwa pamoja. Lile shimo kubwa maarufu la Kimberley, Afrika Kusini, lililoupa mwamba huu jina lake, lina takribani hekta 17 tu. Lakini hapa kuna fundisho jingine. Pamoja na ukubwa wake wote, almasi za Mwadui zimetawanyika. Mawe mengi sana husagwa ili kupata karati chache. Iko migodi myembamba kuliko Mwadui ambayo kila tani ya jiwe lake ina almasi nyingi zaidi. Ukubwa wa kitu na kile unachokipata ndani yake ni mambo mawili mbalimbali. Mwanafunzi anayechagua chuo kwa sababu ya ukubwa wa majengo na wingi wa watu aukumbuke mgodi huu.

Mwaka 1942 ilisajiliwa kampuni ya Williamson Diamonds. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, mitambo ilikuwa adimu, na kazi ilianza kwa vifaa vya kuungaunga. Baada ya vita mgodi ulikua ukawa mji, wenye nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, umeme, mabwawa ya maji na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kuwa Malkia. Ilipochongwa mjini London ikabaki na karati 23.6, ikatiwa katikati ya pambo lenye umbo la ua. Jiwe la Kishapu likavaliwa kwenye sherehe za kifalme.

Kwa hiyo yule kijana aliyeiacha fani yenye heshima akafuata mawe alikuja kuwa miongoni mwa watu matajiri sana wa zama zake. Hata hivyo tunaomba msilichukue hilo kuwa ndilo somo. Kwa kila Williamson mmoja walikuwepo watafiti wengi waliotembea pori hilo hilo wakafa masikini. Utajiri ni riziki, na riziki iko mikononi mwa Allah. Kilichokuwa mikononi mwake yeye ni kuchagua kazi ambayo angeweza kuifanya kwa moyo hata kama asingepata kitu. Kama angekuwa anaifanya kwa kulazimishwa, asingeivumilia Mabuki hata mwaka mmoja.

UPANDE WA PILI WA HABARI

Uadilifu unatutaka tuseme na upande mwingine. Williamson alifanya kazi chini ya serikali ya kikoloni. Ardhi ile ilikuwa ya malisho na mashamba ya Wasukuma, na waliokuwa na leseni, hisa na vyeo hawakuwa wao. Kwa mtoto wa Maganzo au Mwadui wa mwaka 1940, orodha ya vyuo vikuu vya kuomba haikuwepo kabisa. Babu zetu waliingia mgodini kwa mikono, si kwa vyeti. Hata chuo kikuu cha kwanza katika ardhi hii hakikuwepo mpaka mwaka 1961, kilipofunguliwa Dar es Salaam na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria.

Yeye mwenyewe, pamoja na mali yake, aliishi maisha ya upweke. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1956 alifunguliwa mtambo mpya mkubwa na akatembelewa na Binti Mfalme Margaret, lakini afya yake haikukaa sawa muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Mwadui tarehe 8 Januari 1958 kwa maradhi ya saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50 tu. Katika mwaka huo huo ndugu zake waliuuza mgodi, ukawa mali ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa nusu kwa nusu. Alichokitafuta kwa miaka mingi, wengine walikigawana kwa miezi michache. Hiyo ndiyo dunia. Ilimu yenye manufaa, sadaka inayoendelea na mtoto mwema ndivyo Muislamu anavyotarajia vimfuate kaburini. Almasi haimo.

MAZINGATIO KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Sasa turudi kwetu. Leo mtoto wa Shinyanga, Kahama au Geita anayo orodha ya kuandika ambayo babu yake hakuwa nayo. Aiandike vipi? Kutokana na maisha tuliyoyasimulia, na kutokana na tuliyoyaona katika madrasa yetu, tunatoa nasaha hizi.

Kwanza, jijue kabla ya kuvijua vyuo. Williamson hakujijua darasani, alijijua Labrador. Nawe nenda ukaone. Likizo ya kidato cha tano, omba ukakae siku kadhaa kwenye zahanati, kwa fundi wa mitambo, ofisi ya mhasibu, shamba la mfugaji. Ukijikuta unauliza maswali mpaka jioni, hiyo ni dalili. Ukijikuta unaangalia saa, hiyo nayo ni dalili. Tazama pia matokeo yako bila kujidanganya. Mwenye alama nzuri za Kiswahili na historia anayelazimisha tiba anajidhulumu nafsi yake na wagonjwa wake.

Pili, chagua fani kwanza, kisha ndipo utafute chuo kinachoifundisha vizuri. Wengi wetu hufanya kinyume. Hukamata jina la chuo kwanza, kisha hupokea kozi yoyote itakayobaki. Sisi tunaoandika makala haya tunao mwenzetu mmoja aliyefanya hivyo. Alikwenda chuo chenye jina, akapewa kozi asiyoijua, akarudi mwaka wa pili akiwa na deni na aibu. Alhamdulillah, baadaye alianza upya katika chuo cha ualimu karibu na nyumbani, na leo ni miongoni mwa walimu wanaopendwa sana na watoto wenu. Miaka ile miwili haikurudi.

Tatu, soma mwongozo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila chuo kilichoruhusiwa, kozi zake, masomo na alama zinazotakiwa, na muda wa kozi. Kwa vyuo vya kati, NACTVET hutoa mwongozo wake. Humo ndimo kokoto za kuchekecha. Tazama kama mchepuo wako, uwe PCM, CBG, HGE au mwingine, unakubalika kwa kozi uitakayo. Usiombe kwa kusikia. Wapo wanaolipa ada ya maombi kwa kozi ambayo mwongozo unasema wazi hawana sifa nayo.

Nne, panga orodha yako kwa ngazi tatu. Weka kozi moja au mbili ambazo alama zako zinafika kwa shida, ukimtarajia Mola wako. Weka mbili au tatu zinazolingana na alama zako. Kisha weka moja au mbili ambazo kwa alama zako una matumaini makubwa ya kuzipata. Sharti lake ni hili: usiweke hata moja ambayo ukichaguliwa hutakwenda. Ile ya chini kabisa katika orodha yako iwe Mabuki yako, mahali padogo ambapo uko radhi kuanzia. Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa athibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa. Wapo wanaopoteza nafasi kwa kusahau kuthibitisha tu.

Tano, msivione vyuo vya jirani au vya kati kuwa ni aibu. Shinyanga tunacho chuo cha ufundi cha VETA, tunacho Chuo cha Ualimu, na Kizumbi tunalo tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kwa wanaopenda hesabu za biashara na ushirika. Dodoma kuna mafunzo ya madini, na VETA Moshi imekuwa ikifundisha mafundi wa mitambo ya migodini. Kijana anayependa injini na aliyepata ufundi stadi wa kweli hufika mbali kuliko mwenye shahada asiyoipenda. Na aliyeanza na astashahada au stashahada akafanya vizuri hajafungiwa mlango wa shahada.

Sita, msichague fani kwa sababu ya mgodi uliopo jirani peke yake. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na vijana wengi wakakimbilia chochote chenye neno madini. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafunga. Miaka kumi na miwili tu. Hata Geita yenyewe ilikuwa na mgodi enzi za ukoloni uliofungwa miaka ya 1960, na mji ukabaki kimya kwa muda mrefu. Dhahabu huisha. Fani unayoiweza na kuipenda utahama nayo popote.

Saba, pimeni gharama na mazingira kama familia. Ada si gharama pekee, kuna nauli, chumba, chakula na vitabu. Muangalie kama kuna hosteli, hasa kwa binti, kama kuna ndugu karibu, kama kuna msikiti na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Wapo watakaopenda Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, kwa mazingira yake. Wapo ambao fani yao haiko hapo, nao watafute kwingine na washike dini yao huko. Kuhusu mkopo wa serikali, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyozitia shaka baadhi ya familia zetu, ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo someni masharti ya mwaka wenu kabla ya kusaini, na mwenye shaka amuulize sheikh wake, asikae na shaka moyoni akampotezea mtoto mwaka.

Nane, na hili ni la wazazi. Baba na mama zetu, tunajua mnavyoumia. Mmeuza ng'ombe, mmeuza mpunga na pamba, mnataka mtoto arudi na jina litakalowafuta jasho mbele ya majirani. Lakini majirani hawatamfanyia mtihani. Mtoto akiwaambia anapenda kufundisha au kutengeneza mitambo, msimjibu kwa hasira. Muulizeni ameliona wapi jambo hilo, amelijaribu vipi, na yuko tayari kuvumilia nini. Akijibu vizuri, mpeni baraka zenu. Radhi yenu ina uzito kuliko jina la chuo chochote. Na tunawaomba msimzuie binti kwa sababu tu chuo kiko mbali, tafuteni kwanza kama kuna njia ya yeye kusoma kwa stara.

Mwisho, baada ya kujitahidi, salini istikhara na muutegemee uamuzi wa Mola wenu. Istikhara haifanyi kazi ya mwongozo wa TCU, na mwongozo haufanyi kazi ya istikhara. Kwanza tunamfunga ngamia, kisha tunatawakali.

Mwaka huu, matokeo yakitoka, mwalimu wa zamu atakaa msikitini baada ya swala ya alasiri kwa ajili ya kuzipitia orodha zenu. Njooni na mwongozo, njooni na mzazi au kaka na dada aliyewatangulia. Hatutawauliza chuo chenu kina jina gani. Tutawauliza kwa nini mnakitaka. Mwenye jibu la swali hilo, hata akichaguliwa chuo cha mwisho katika orodha yake, hatumtarajii kumkuta duarani kwa kukosa pa kwenda.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape ilimu yenye manufaa, awaelekeze kwenye lililo la kheri na nyinyi, na awajaalie wazazi wenu kuyaona matunda yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.